Niliuliza Samaki, Sikuuliza Watu

Kalemie, Ijumaa jioni

Mwadi mwanangu,

Umekwenda kuaga wenzako wa korale ya kanisa, na baba yako yuko ku gare, anauliza kwa mara ya ine kama treni ya kesho itaondoka kweli. Nyumba imetulia. Nimesukuma mashine ya kushona pembeni ya meza na nimechukua kalamu kabla hamujarudi, kwa sababu mukirudi nitaanza tena kufungua na kufunga mizigo yako, na mudomo wangu utabaki umenuna vile vile.

Sitaandika juu ya blanketi, wala dawa ya malaria, wala maji ya kuchemsha. Hayo baba yako amekwisha kuyasema mpaka kuku wa kiwanja wameyashika. Naandika juu ya Jumanne.

Jumanne ulinionyesha kaye yako, ile daftari ya mipango ya kazi yetu hii ya kuandalia watu ndoa, ambayo unakwenda kuianzisha Nyunzu. Uliifungua hapa hapa mezani, ukaigeuza upande wangu. Na mimi, bila kumaliza hata ukurasa mumoja, nikasema, "Ndoa yako ya kwanza kule Nyunzu nitakuja kuiongoza mimi. Wewe utaangalia tu. Ya pili utafanya mwenyewe." Ukafunga kaye polepole.

"Mama, hapana."

"Hapana namna gani?"

"Ukija, watu wataona wewe. Mimi hawataniona. Halafu wewe utapanda treni, utarudi Kalemie, na mimi nitabaki pale na watu ambao hawanijui."

Nikakuambia kwamba karatasi haipiki. Nikakuambia kwamba wapanga mipango wengi nimewaona wakilia nyuma ya jiko. Na tangu pale, siku tatu nzima, nimekuongelesha kwa kupitia kwa baba yako. "Papa Mwadi, mwambie mutoto wako chakula kiko tayari." Na wewe umekaa palepale, mita moja kutoka kwangu. Muntu muzima kama mimi. Naona haya kuandika hivi, lakini njo vile ilivyokuwa.

Kesho unapanda treni. Sitaki uondoke bila jibu langu: nitakuja kuongoza ile ndoa ao sitakuja. Lakini siwezi kukupa jibu bila kukuambia kwanza jambo moja ambalo nimelisema vibaya maisha yako yote.

Unajua mimi si mutoto wa ziwa. Baba yako alinitoa Nyunzu, binti wa mihogo na karanga, akanileta hapa kwa sababu kazi yake ya treni ilikuwa hapa. Siku ile tuliposhuka ku gare alinishika mukono, akanipeleka mpaka pale ardhi inapokatika, akasema, "Angalia." Nikaangalia. Nikamuuliza, "Ngambo iko wapi?" Akacheka sana. Mwadi, sikuwa najua kwamba maji yanaweza kukosa ngambo. Nikakaa chini na kitenge changu kipya cha bibi-arusi. Mpaka leo sijaizoea ziwa hii. Kila asubuhi nikifungua mulango naiangalia kwanza, kabla ya kusalimia muntu.

Kazi ya ndoa sikuitafuta. Nilikuwa nashona. Binti mumoja akataka robe nyeupe, nikamushonea, halafu wa pili akaomba kuvaa ile ile, halafu wa tatu. Nikaona kwamba robe moja inaweza kuolewa mara nyingi. Kisha nikaona sahani. Wakati ule kila ndoa ilikuwa inaazima sahani kwa majirani, na kila ndoa ilikwisha kwa ugomvi: hii yangu, hapana, yangu ilikuwa na ua la bluu. Nikanunua sahani za bati, nikapaka rangi nyekundu chini ya kila moja. Pesa ya nchi hii haikai, inayeyuka mukononi, lakini sahani inakaa. Baadaye mabenchi, baadaye bashi kubwa ya kuweka kivuli. Hakuna siku nilikaa nikasema, sasa nianzishe kazi. Ilikua kama mutoto anavyokua, unashtuka suruali imekuwa fupi.

Na nilikuwa nakubali kila kitu. Muntu akija na siku, nasema ndiyo. Kuna Jumamosi moja nilikubali ndoa mbili na vwali moja ya kufunika kichwa cha bibi-arusi. Nilijiambia, huyu anatoka kanisani saa nne, yule anaingia saa tano, itapita. Padri wa kwanza alihubiri mpaka saa tano na nusu. Bibi-arusi wa pili alisimama mulangoni kwa kanisa lake, kichwa wazi, watu wote wanamuangalia, na baba yako anapiga baiskeli katikati ya muji na vwali ndani ya kikapu cha mikate. Ulipokuwa mudogo nilikuwa nakuchekesha na habari hiyo. Yule binti hakucheka. Nilimuona uso wake, na nikasema sitarudia tena. Lakini nilifikiri kwamba kosa lilikuwa ni vwali. Nikashona vwali ya pili, nikaona nimekuwa mujuzi.

Sasa nakuja kwa Feza.

Feza unamujua, yule mama wa karibu na soko mwenye watoto watano, anayekuita "mukwe" kwa mchezo. Alikuwa binti wa karani mumoja wa gare, mukubwa wa kazi wa baba yako, muntu wa koti ya abakosi iliyopigwa pasi na kalamu tatu mufukoni. Alikuwa anaolewa na kijana wa kwa Papa Kabwe, wavuvi wa kule muto Lukuga unapotoka ziwani. Karani hakuwa anapenda sana. Alitaka mukwe anayefanya kazi mu biro. Lakini Feza alikuwa amesema ni huyu, na Feza akisema ni huyu, ni huyu.

Karani alikuja kwangu mwenyewe. Alisimama pale mulangoni, akavua kofia, mukubwa wa baba yako, akasema, "Mama Mwadi, ni binti yangu wa pekee. Nakuachia siku hii. Ishike vizuri." Wewe ulikuwa mugongoni mwangu, umelala. Mwili ulinisisimuka. Mpaka leo muntu akiniambia maneno kama hayo nasikia baridi mu mikono. Fikiria, muntu ana mutoto mumoja, mutoto ana siku moja, na anaichukua ile siku anamupatia mushonaji. Sijui kazi nyingine ambayo watu wanakuamini hivyo kabla hata hujafanya kitu. Dakitari labda.

Alisema, "Chagua wewe Jumamosi itakayofaa, mimi ninataka tu chakula kisipunguke. Wageni wangu wanatoka Kabalo na treni, sitaki wakaseme kwamba walishinda njaa Kalemie."

Basi, chakula. Niliichukua ile neno nikaifunga kichwani. Nikaenda sokoni kwa Mama Mauwa, muuza samaki, nikamuuliza ni wakati gani samaki inapatikana nyingi na nzuri. Akaniangalia kwa sababu kila mutoto wa hapa anajua. Akasema, "Wakati wa giza, mama. Mwezi ukikufa, wanaweka taa juu ya maji, samaki inakuja yenyewe. Mwezi ukiwa mukubwa taa haina kazi, wanaume wanalala nyumbani, na samaki hauoni." Nikamushukuru. Nikaenda kwenye kalenda, nikahesabu, nikachagua Jumamosi ya giza kabisa. Nilijisikia na akili sana. Nilimwambia baba yako, "Hawa watu wa hapa hawajui kupanga. Ona, mimi wa Nyunzu nimejua mpaka mwezi."

Umekwisha kuliona kosa. Wewe mutoto wa ziwa umeliona kabla sijamaliza mustari. Mimi sikuliona mpaka siku yenyewe.

Siku ile chakula kilikuwa chakula, Mwadi. Samaki za asubuhi ile ile, mikebuka na kuhe wakubwa, majani ya sombe, bugali wa mihogo na wali, sufuria saba juu ya moto. Kanisani watu wa karani walijaa upande mumoja. Upande wa Papa Kabwe kulikuwa yeye, bibi yake, bwana-arusi, na wazee wachache wenye macho mekundu, mumoja alisinzia wakati wa injili. Nikasema wengine watakuja kula. Kula, kila muntu anakuja.

Saa nane tukakaa chini ya bashi. Niliweka mabenchi sawasawa, huku wageni wa bibi-arusi, kule wageni wa bwana-arusi, njia katikati. Huku walijaa mpaka watoto wanakaa chini. Kule, mabenchi matupu. Saa tisa, matupu. Upepo ulikuwa unainua kitambaa nilichotandika na hakuna muntu wa kukikalia. Na unajua desturi: baba anamushika binti yake mukono, anamupitisha katikati, anamukabidhi kwa watu wa mume wake, mbele ya wote. Sasa amukabidhi kwa nani?

Karani akasimama. Hakupandisha sauti. Afazali angepandisha.

"Padri amewafunga, ni sawa. Lakini mimi sitatoa mutoto wangu kwa mabenchi. Feza, simama, turudi nyumbani."

Na hapa, mwanangu, mimi njo niliyeharibu zaidi. Niliogopa. Nilimuona baba yako anainamisha kichwa, nikafikiri juu ya kazi yake, nikafikiri juu ya jina langu, na nikasema kwa sauti ambayo kila muntu alisikia, "Si kosa langu. Mimi nimepika. Hawa wavuvi hawana adabu, hawajui heshima ya ndoa."

Papa Kabwe alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la mbele. Muzee wa mikono mikubwa, amevaa shati la kuazima, shingoni halifungi. Akaniuliza polepole kabisa, "Mama, nani alichagua siku hii?"

Nikasema, "Mimi."

"Ulichagua giza."

"Kwa sababu ya samaki."

Akaitika na kichwa, kama muntu ambaye amepata jibu la kitu kilichokuwa kinamusumbua. "Mimi nilifikiri ni karani aliyechagua," akasema. "Nilifikiri alichagua giza ili watu wangu wasikuje."

Sasa nikaona yote. Hizo usiku za giza njo zinawalisha wavuvi mwezi muzima. Wanarudi na jua la asubuhi, wanalala saa mbili tatu, wanashona nyavu, wanajaza petroli mu taa, na saa kumi na moja wanasukuma mitumbwi tena. Wanawake wao wako muchangani wanageuza ndagala, samaki ndogo zinazoanikwa juani, na kufukuza ndege, wakiondoka samaki inaoza. Si kwamba walikataa kuja. Mimi nilikuwa nimewafungia mulango, na ufunguo nimeuweka angani. Na yule muzee alikuwa amekubali siku hiyo bila kusema neno, akifikiri ni karani anamutukana, na akalimeza tusi hilo kwa sababu kijana wake anampenda binti. Wiki tatu alilimeza. Hiyo heshima sijaisahau mpaka sasa.

Mama Mauwa alikuwa pale, amekuja kuleta samaki. Akasema, bila ubaya, "Uliniuliza juu ya samaki, mama. Haukuniuliza juu ya watu."

Wanasema kuuliza si ujinga. Hawakuniambia kwamba unaweza kuuliza vizuri kabisa, upate jibu la kweli kabisa, na bado uwe mujinga.

Karani alikuwa bado amesimama, mukono umenyoshwa kwa binti yake. Na Feza akasimama. Nilifikiri anakwenda kwa baba yake. Alikusanya robe yangu, ile robe ya kila muntu, akaikunja mpaka magotini, akasema, "Papa, kama hawawezi kuja kula, chakula kinaweza kwenda. Nani anabeba sufuria?"

Miaka kumi na tisa alikuwa nayo. Kama wewe leo.

Akachukua mwenyewe kikapu cha sahani, akakiweka juu ya kichwa, juu ya vwali, akaanza kutembea. Mama yake akamuangalia bwana wake, akamuangalia binti yake, akavua viatu, akafuata. Halafu wageni wa Kabalo, watu wa treni ambao hawakujua hata tunakwenda wapi, wakashika sufuria wawili wawili na vijiti. Tulitoka kwenye bashi, tukashuka barabara, sufuria saba na mupiga ngoma mumoja na bibi-arusi mbele, wewe mugongoni mwangu umeamka unapiga makofi. Watu walitoka mu nyumba. Tulipofika muchangani nusu ya Kalemie ilikuwa nyuma yetu.

Wavuvi walikuwa wanapakia. Wanaume wenye kaptula za kazi, miguu ya maji, harufu ya petroli. Walipomuona Feza wakasimama wote. Halafu mumoja akaacha taa yake chini, akanawa mikono mu ziwa, akaja akapiga goti mbele yake. Kisha wote. Wakanawa mikono katika maji yale yasiyo na ngambo, mustari murefu wa watu wameinama, wakaja kula. Walikula wamesimama, juu ya mifuniko ya sufuria, juu ya majani, kwa sababu sahani hazikutosha. Wanawake waliacha ndagala na ndege wakala ndagala, na hakuna aliyewafukuza. Mama yake njo aliyemushika Feza mukono na kumukabidhi, pale kati ya mitumbwi, na Papa Kabwe alimupokea kwa mikono miwili na kulia wazi kama mutoto. Na saa kumi na moja, jua lingali juu, wakasukuma mitumbwi, kwa sababu giza halingoji ndoa. Walikwenda wanaimba jina lake. Feza alisimama na robe yangu imeloa mpaka magotini, na mimi sikuweza hata kuikumbuka ile robe. Niliona kitu kikubwa kuliko mimi, na nilijua kwamba sikukifanya.

Karani hakuja. Alibaki chini ya bashi, peke yake na mabenchi, na baba yako alikaa naye kwa heshima. Karani alisema kwamba yeye hakumutoa mutoto. Alikwenda nyumbani kwa Feza kwa mara ya kwanza mutoto wa pili alipozaliwa. Hiyo miaka yote Feza aliilipa kwa sababu ya kalenda yangu. Baba yako naye alihamishwa mu kazi ya usiku muda murefu, na hakuniambia hata mara moja kwa nini.

Sasa sikia, kwa maana hii njo sehemu ambayo sijawahi kumwambia muntu.

Wiki ile ile muji muzima ulikuwa unasema juu ya ndoa ya muchangani. "Mama Mwadi ana akili, aliona watu wako kazini, akahamisha ndoa." Watu walikuja kutoka mutaa kwa mutaa. "Tunataka yule mama aliyebeba ndoa mpaka ziwani." Muntu wa kwanza aliponisifu nilifungua kinywa kumwambia ukweli, na kinywa kikasema, "Asante." Wa pili, ilikuwa rahisi zaidi. Wa kumi, nilikuwa nimekwisha kuamini. Njo maana habari uliyoikuta wewe, ile uliyokua nayo, ni mimi ninayesimama chini ya bashi na kusema, "Nani anabeba sufuria?" Maneno ya Feza. Nimeyavaa miaka hii yote. Kazi yetu yote, Mwadi, sahani, mabenchi, minerval, ile pesa ya shule yako, ilisimama juu ya maneno ya binti wa miaka kumi na tisa ambaye sikumutaja.

Mara moja alinikuta naisimulia, kwenye ndoa ya binamu yake. Alikuwa nyuma ya watu, ameshika mutoto. Macho yetu yakakutana. Alitabasamu kidogo, akaangalia chini, akaendelea na njia yake. Afazali angenitukana sokoni. Kesho treni ikiisha kuondoka, kutoka gare nitapita kwake kwanza. Sijui nitasema nini, lakini nitakwenda.

Halafu leo mchana. Ulikuwa umeacha kaye yako juu ya kitanda, na nimeisoma. Ndiyo, bila ruhusa. Nilikuwa natafuta makosa. Nilitaka nipate makosa kumi nikuonyeshe, nikuambie, unaona, nakuja.

Nilisoma ukurasa ulioandika "Kazi ambazo sitafanya." Hautauza bia. Hautashika ndoa mbili siku moja. Mwaka wa kwanza hautanunua kiti hata kimoja, utatumia vya kanisa, vya paroasi. Nilijiuliza, huyu mutoto amejuaje? Mimi nilichukua miaka kujifunza kwamba kazi ndogo inakufa kwa vitu inavyokubali, si kwa vitu inavyokosa. Halafu nikafungua ukurasa wa maswali, nikakaa chini.

"Watu wa Nyunzu wanalima lini, wanavuna lini, na wakati huo nani anaweza kuja? Treni ya wageni inafika siku gani kweli, si siku iliyoandikwa? Kama kuna kilio kwa jirani, ngoma inanyamaza siku ngapi? Ni nani mu familia haongei na nani? Ni mama gani ataumia asipopewa kazi ya kufanya?" Kurasa mbili na nusu. Na chini kabisa, penye tarehe ya ndoa, umeacha nafasi tupu, na pembeni umeandika kwa bic, "Hii wataniambia wao."

Mwadi, nililia. Nilishika ile kaye kwenye kifua na nililia mpaka baba yako akaja kuuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Niliogopa tu, woga muzuri, ule ule wa siku ya kwanza nilipoangalia maji na kukosa ngambo. Nilikubeba mugongoni mpaka muchangani siku ile, na nilifikiri ulikuwa mutoto tu anayepiga makofi. Sijui macho yako yalichukua nini. Sijui umeyapata wapi haya. Si kwangu, kwa sababu mimi nilikufundisha uongo.

Kosa nililipata moja. Liko ukurasa wa kumi na moja. Ni dogo, halitamuumiza muntu, na sitalitaja. Ni lako.

Sasa jibu. Uliposema Jumanne, "wataona wewe, mimi hawataniona," njo nilikasirika vile, kwa maana nilijua ni kweli. Nilikwisha kumufanyia hivyo muntu mumoja, Feza. Nikija Nyunzu, hata nikikaa pembeni, nitasimama. Nitaonja. Nitasogeza benchi. Na jioni watu wa kule watasema, mama wa Kalemie anajua kazi, na mimi kinywa changu kitasema asante. Najijua.

Kwa hiyo sitakuja. Jumamosi yako, ile watakayokuchagulia, nitakuwa hapa, nitazunguka mu nyumba hii, nitamusumbua baba yako mpaka atorokee ku gare. Nitateseka, na nimestahili. Usinitumie habari siku ile, utakuwa na kazi.

Watu watakuja mulangoni kwako na kofia mukononi, watakupa siku ya mutoto wao. Utasikia baridi mu mikono. Iache, usiifukuze.

Baraka zangu unazo zote, nilizokunyima siku tatu hizi na nyingine juu. Nimeziandika kwa sababu nikijaribu kuzisema ku gare nitaanza tena na habari ya blanketi.

Na ndoa ya pili, ao ya tatu, siku utakayotaka mugeni mumoja zaidi, niandikie. Nitavaa kitenge changu cha siku kuu, nitakaa pale utakaponiweka, na nitakula chakula chako bila kuuliza nani aliweka chumvi.

Mama yako